Kilimo-biashara: kabla ya kulipa minervali, mtoto ashike kwanza kaye

Matokeo ya Exetat yakisha kutoka, katika nyumba nyingi za Kanyaruchinya swali ni lile lile: minervali iko ya mtoto mmoja tu, sasa aende fakulte gani? Wengine wanajibu kilimo-biashara, sababu udongo wa volkano unazaa na watu hawataacha kula. Ni kweli, lakini hiyo ni sababu ya kulima. Kusoma ni jambo lingine.

Agronomi inafundisha udongo, mbegu, magonjwa ya mimea. Kilimo-biashara inaanzia pale jembe linawekwa chini: bei, usafiri, stoki, mkopo, mkataba na mnunuzi. Kijana anayependa shamba na kuchukia hesabu atateseka humo.

Tuchukue viazi vya Kibumba, vinavyopita hapa barabarani kushuka Goma. Tuseme mama mchuuzi ananunua gunia dola 30, analipa dola 5 ya gari na ushuru, anatumaini kuuza 42. Kichwani ameisha kuhesabu faida ya 7. Lakini sehemu moja ya kumi ikioza ama ikipondwa njiani, anauza karibu 38, na faida inabaki dola 3 hivi. Kutafuta zile 4 zilipotelea wapi, na namna gani zisipotee tena, ndiyo kazi yenyewe. Haina koti wala ofisi.

Na kuko hatari ambazo si kila kitabu kinazieleza. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilikata barabara ya Goma–Rutshuru. Mwisho wa 2022 vita ikaikata tena, mavuno upande huu, mnunuzi upande ule. Januari 2025 mabanki ya Goma yakafunga. Mwalimu anayefundisha mkopo bila kugusa mambo hayo, anafundisha inchi nyingine.

Kwa hiyo mzazi aulize chuo maswali ya wazi. Je, kina ruhusa ya wizara? Masomo hayo yako chini ya agronomi ama ya ekonomia? Staji inafanyika wapi? Kwenye koperative kama SOPACDI ya Minova, inayouza kahawa mpaka ngambo, mwanafunzi anaweza kuona mizani, ubora na mikataba kwa macho yake. Staji ya kupiga fotokopi haimsaidii. Katika mfumo wa LMD licence ni miaka 3, master ni 2 tena: familia ihesabu yote, pamoja na tiketi ya kila siku.

Kuko pia jaribio la bei ndogo. Kabla ya kuandikishwa, mtoto afuate mchuuzi mmoja wiki mbili, akiandika kila jioni kilichonunuliwa, kilichooza, kilichouzwa kwa deni. Kama siku ya tatu kaye iko nyeupe, wazazi wawe na mazungumzo naye, minervali ikiwa bado mfukoni.