Mashine ya kahawa inayoamka kabla yako

Anayeishi Mbagala au Bunju na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam anajua thamani ya dakika kumi za alfajiri. Ndizo zinazoamua kama atapata siti au atasimama mpaka Posta. Kwa mtu huyo, mashine ya kuchuja kahawa yenye saa si anasa. Usiku unaweka maji na kahawa, unaitegesha, unalala. Saa kumi na moja inajiwasha yenyewe, na ukitoka kuoga kahawa imeshachujika.

Ndani yake hakuna maajabu. Maji hushuka kwenye bomba dogo la alumini lililoshikana na koili ya umeme. Yakichemka, mvuke huyasukuma juu mafungu kwa mafungu, ndipo unaposikia ule mkoromo, kisha yanadondokea kahawa iliyo kwenye karatasi ya chujio. Karatasi hiyo tunamshukuru Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, aliyeanza mwaka 1908 kwa karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe. Mashine ya umeme ya namna hii, Wigomat, ilipata hataza hukohuko Ujerumani mwaka 1954. Marekani ilienea baada ya Mr. Coffee kuingia sokoni mwaka 1972.

Koili hiyohiyo hupasha sahani iliyo chini ya jagi la kioo, na hapo ndipo kahawa nyingi nzuri huharibikia. Ikikaa juu ya joto hilo nusu saa huwa chungu na yenye ukakasi, na mgeni anayeionja hudhani kahawa ya mashine ndivyo ilivyo. Dawa yake tunayo kila nyumba: chupa ya chai. Isuuze kwa maji ya moto, mimina kahawa mara tu inapoacha kudondoka, kisha zima mashine. Saa nne bado ni ya moto na ladha yake imetulia. Ila iwe chupa ya kahawa peke yake, kwa sababu iliki na tangawizi haziondoki kwenye kizibo hata ukisugua vipi.

Tahadhari kwa wanaoletewa mashine na ndugu wa Marekani. Kule umeme ni volti 120, kwetu 230. Ukiichomeka moja kwa moja, koili inapokea karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa, na inaungua. Transfoma itaiokoa koili, lakini huenda isiiokoe saa. Mashine nyingi huhesabu muda kwa mapigo ya umeme, ambayo Marekani ni 60 kwa sekunde na huku 50, hivyo saa ya namna hiyo hupoteza dakika kumi kila saa. Uliyoiweka sawa saa nne usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri imechelewa dakika 70, na daladala imeshaondoka. Afadhali ununue ya volti 230. Hata hiyo, umeme ukikatika usiku, nyingi husahau saa, kwa hiyo itupie jicho kabla ya kulala.

Kinachoniuma ni kwamba nchi inayolima kahawa Kilimanjaro, Mbinga na Kagera huiuza nje sehemu kubwa ikiwa mbichi, na majumbani mwetu tunakunywa chai au kahawa ya kopo. Mashine hii inatupa njia rahisi ya kuinywa yetu. Nunua arabika iliyokaangwa karibuni, kidogo kidogo, kwa sababu ikishasagwa harufu hutoroka upesi. Gramu 55 hadi 60 zinatosha lita moja ya maji, karibu vijiko kumi vya chakula. Na mwambie anayekusagia asiifanye laini kama ya barazani, bali chenga za wastani, mfano wa mchanga. Ile laini huziba karatasi, maji yakafurika juu ya chujio, na machicha yakaishia ndani ya jagi.