Je, Wajua? Shule Inayofuata Saa za Familia

Je, wajua kuwa sheria ya jimbo la Missouri, Marekani, haimuulizi mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani kipindi kinaanza saa ngapi? Inachodai ni saa 1,000 za masomo kati ya Julai mosi na Juni 30, na 600 kati ya hizo ziwe za kusoma, lugha, hisabati, maarifa ya jamii na sayansi. Ukizigawa kwa mwaka mzima bila likizo, hazifiki saa tatu kwa siku. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anaweza kulala kwanza, kisha akafungua daftari la hesabu na mwanawe saa tisa alasiri. Jumamosi nayo inahesabiwa. Ila lazima aweke kumbukumbu za yaliyofundishwa, pamoja na sampuli za kazi za mtoto.

Ratiba kama hiyo huwafaa hata wanamichezo: mwanasarakasi wa Marekani Simone Biles alihamia masomo ya nyumbani mwaka 2012, na mazoezi yake yakapanda kutoka saa 20 hivi hadi 32 kwa wiki.

England haipangi hata idadi ya saa, wala haimlazimishi mzazi kufuata mtaala wa taifa. Ujerumani ni kinyume kabisa: mtoto lazima aende shule, isipokuwa kwa sababu za pekee kama ugonjwa.

Tanzania nayo ina mlango wake kwa waliokosa sekondari. Mtu akifaulu Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, hata kama amesoma usiku baada ya kufunga genge.

Kisa kinachonigusa zaidi kinatoka Alice Springs, katikati ya Australia. Juni 8, 1951, ilizinduliwa huko Shule ya Hewani kwa ajili ya watoto wa mashamba ya mifugo yaliyo mamia ya kilomita kutoka mjini. Masomo yalirushwa kwa redio za huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Mwanzoni mwalimu alisema peke yake, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Baadaye ukaongezwa muda wa maswali, na mtoto akaweza kusikia sauti ya mwenzake aliye mbali. Leo wanatumia setilaiti, na eneo linalohudumiwa ni kama kilomita za mraba milioni 1.3, kupita Tanzania nzima.

Wanaosifu ratiba inayonyumbulika wangefaa kuitazama shule hii kwa makini. Mwalimu yuko hewani kwa muda mfupi tu. Saa zinazobaki zinahitaji mtu mzima wa kukaa na mtoto, kumwelekeza na kuhakikisha kazi imekamilika. Mara nyingi mtu huyo ni mama, ambaye pia ana mifugo na hesabu za shamba. Familia zenye uwezo huajiri msimamizi wa masomo akaishi nao palepale shambani.