Arusi Ina Msimu Wake

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Lakini yako mambo ambayo asiyechagua ndiye apataye koroma, na moja la mambo hayo ni siku ya arusi. Mtu aweza kuchagua mke mwema, akachagua mashahidi na wapishi, kisha akaiacha tarehe iamuliwe na likizo ya ofisini. Siku ikifika, mvua yanyesha, gari la bibi arusi limekwama matopeni, na pilau inaliwa na wachache waliothubutu kuja kwa miguu.

Hapa Pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kalenda zetu ni nyingi. Iko kalenda ya pepo na mvua, iko ya Waislamu inayofuata mwezi, iko ya kanisa, iko ya mkulima wa Kigiriama, na iko ya Wahindi, ambao siku hizi hutoka Nairobi, Uingereza, hata India kwenyewe, kuja kuoana kando ya bahari yetu. Mtu wa Kaloleni, aliye juu ya vilima nyuma ya Kilifi, aweza kudhani kwamba mambo ya arusi za ufukweni hayamhusu. Yanamhusu sana. Nazi na madafu ya arusi hizo, na makuti ya mabanda yake, mengi hutoka katika minazi ya kwao na ya jirani zao.

PEPO MBILI, MVUA MBILI

Kila mwana wa Pwani ajua kwamba mwaka wetu hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Huo ni wakati wa jua kali na anga safi, na miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu kuliko yote. Kisha upepo hugeuka, kusi huingia, na pamoja nayo huja mvua kubwa, ambazo sisi wa huku twaziita mvua za mwaka. Huanza mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa maji mengi kupita yote. Julai na Agosti mvua hupungua, baridi kidogo huingia, ila upepo huwa mkali na bahari huchafuka. Mwishowe, Oktoba hadi mwanzo wa Desemba, huja mvua za vuli, ambazo hazina ahadi. Mwaka mmoja hazionekani kabisa, mwaka mwingine huja kwa hasira.

Wakazi wa Kilifi wanaikumbuka hasira hiyo. Mnamo Novemba 2023, mvua za El Nino zilipobomoa daraja la Mbogolo katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi, safari zilikatika. Tena Sabaki ikifurika, maji ya bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Mgeni aliyeahidiwa bahari ya buluu hukuta chai ya maziwa.

SAA NJEMA YA WAHINDI

Sasa tutazame arusi ya Wahindi walio Wahindu. Kwao tarehe haiamuliwi na bwana arusi wala na hoteli. Huamuliwa kwa kutazama nyota, na kuhani ndiye atafutaye saa njema, ambayo huitwa muhurat. Saa hiyo yaweza kuangukia asubuhi au usiku wa manane, na hapana wa kuisogeza kwa sababu wapishi wamechelewa.

Tena ziko nyakati ambazo arusi hazifungwi kabisa. Kubwa ni Chaturmas, miezi minne ambayo Mungu Vishnu husemwa kuwa amelala. Huanza Juni au Julai na kwisha baada ya Diwali, kwa kawaida Novemba. Kutoka katikati ya Desemba hadi tarehe 14 Januari ni wakati mwingine wa kungoja, ambao Wagujarati huuita Kamurta, na mwingine kama huo huwa kati ya nusu ya Machi na nusu ya Aprili. Juu ya hayo, karibu kila baada ya miaka mitatu mwezi mzima huongezwa katika kalenda yao, na mwezi huo nao hauna arusi. Mwaka 2023 uliangukia Julai na Agosti.

Ukiziweka kalenda hizi mbili pamoja utaona mgongano wa ajabu. Agosti na Septemba, wakati Pwani ina ubaridi mzuri na mvua chache, Vishnu amelala. Siku ya Akha Teej, ambayo kwa Wahindu ni njema hata bila kuuliza nyota, huangukia mwisho wa Aprili au Mei, wakati mvua za mwaka zatufurikia sisi. Novemba, mlango wa arusi unapofunguliwa kule India kwenye hewa nzuri ya baridi, huku kwetu vuli inanyesha. Na Krismasi, wakati jamaa wote wana likizo, imo ndani ya Kamurta.

Basi linabaki dirisha moja ambalo nyota na mawingu yote hukubaliana: tangu nusu ya Januari hadi mapema Machi. Ni kaskazi tupu. Joto hufika nyuzi 32 au 33, kwa hiyo wazee watataka kivuli na maji, lakini mvua ni nadra. Jambo hili si dogo, kwa kuwa arusi ya Kihindu hufungwa mbele ya moto. Bwana na bibi huuzunguka moto huo chini ya kibanda cha nguo na maua. Upepo wa kusi wa Julai huupeperusha moto pamoja na kibanda chenyewe, na mvua ya Mei huuzima.

Tusisahau kwamba si kila Mhindi ni Mhindu. Mabohora na Maithnaasheri ni Waislamu, nao hawafungi arusi katika siku za maombolezo za Muharram. Waislamu wote wa Pwani hawafanyi karamu ya arusi mchana wa Ramadhani, na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, mwenye kupanga hana budi kuitazama kalenda upya. Wakristo nao wengi huiacha Kwaresima ipite.

JAHAZI NDILO LILILOAMUA

Mtu asidhani kwamba kungoja msimu ni ushamba. Zamani wafanyabiashara wa Kutch na Gujarati walikuja Mombasa, Lamu na Malindi kwa majahazi. Kaskazi iliwaleta, kusi ikawarudisha. Kijana aliyekuwa na duka huku, aliyetaka kwenda kuoa kwao, hakuchagua mwezi. Aliondoka kusi ilipoanza au katika demani, akarudi na mkewe kaskazi ilipovuma. Katikati ya kusi bahari ilifungwa, na mchumba alingoja. Zikaja meli za moshi za Bombay, kama ile Karanja iliyofanya safari hizo mpaka miaka ya 1970, upepo ukaacha kuamuru. Leo ndege huja kila siku, na watu wamesahau kwamba pepo hazikuacha kuvuma.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka pamoja ndoa ya Kihindu, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kiserikali na ya kimila. Kwa hiyo arusi ya moto wa Kihindu na arusi ya mila ya Kigiriama zimekuwa ndugu katika sheria.

HUKU KALOLENI

Na katika nazi pia ni ndugu. Kwa Wahindu, nazi ni tunda la baraka na arusi haikamiliki bila hiyo. Kwa Mgiriama, mnazi ndio mdomo wa ndoa. Wazee wa pande mbili hawazungumzi juu ya mahari, yaani mahunda, kwa koo kavu. Tembo la mnazi huletwa, mirija hutiwa, ndipo maneno huanza. Zamani siku zenyewe zilihesabiwa kwa juma la siku nne, na ile ya Jumwa ilikuwa ya kupumzisha jembe.

Tembo nalo lina msimu. Wakati wa mvua shina la mnazi huteleza, na mgema huhatarisha shingo yake. Ndiyo sababu mzee mwenye busara hakuita wageni mwezi wa Mei.

Ila sababu kubwa zaidi ilikuwa chakula. Mahindi hupandwa mvua za mwaka zinapoanza, na huvunwa Julai na Agosti. Aprili na Mei ghala huwa na panya watupu. Kufanya arusi wakati huo ni kuwaalika watu waje kuitazama njaa yako. Lakini baada ya mavuno ghala imejaa, njia zimekauka, jua si kali, na vijana wana nguvu za kucheza ngoma hadi alfajiri. Wakati ule ule Vishnu amelala kwa Wahindu, ndipo Kaloleni huwa macho.

GHARAMA YA TAREHE MBAYA

Siku hizi desturi hiyo imevunjwa na Desemba. Watoto walioajiriwa Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani wakati wa Krismasi, na kila mwenye binti ataka arusi wiki ile ile. Matokeo yake twayaona. Turubali, viti na magari hupanda bei kwa kuwa wakodishaji ni wengi. Mbuzi hununuliwa kwa bei ya mnada. Mahindi ya Agosti yamekwisha punguka. Kisha Januari hufika na karo ya shule, na fedha zililiwa pamoja na pilau.

Hapo ndipo mtu huanza kuitazama minazi yake. Mtaalamu David Parkin, aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni na kuandika kitabu juu yao mwaka 1972, alieleza jinsi wazee walivyoweka rehani na kuuza minazi na mashamba ili kulipa mahari na gharama za matanga, na jinsi wanunuzi wachache walivyotajirika kwa njia hiyo. Minazi iliyouzwa ilikuwa ndiyo urithi wa wale waliokuwa wakiozwa. Mnazi wa kienyeji hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi kuliko umri wa ndoa nyingi. Kuuza mnazi kwa ajili ya sherehe ya siku mbili ni kumpa bwana arusi mke na kumnyang'anya chakula cha mke huyo.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mzazi wa Kaloleni, itazame ghala kabla ya kuitazama likizo. Agosti ina siku za mapumziko ya shule pia, na mtoto wa Nairobi akipewa habari miezi mitatu mbele aweza kuomba ruhusa. Ikiwa wewe ni mwenye minazi, jua kwamba arusi za Wahindi hukusanyika kati ya nusu ya Januari na mapema Machi. Weka nazi na madafu yako kwa ajili ya siku hizo, nawe uende kuzungumza na wenye hoteli za Kilifi na Malindi mapema, tangu Oktoba, kabla mchuuzi hajaja kukupa bei yake. Fedha za nazi hizo zitasaidia karo, na karo ikilipwa, hapana mnazi utakaouzwa.

Na ikiwa wewe ni mgeni utakaye kuoana kando ya bahari yetu, mwulize kuhani nyota zasemaje, kisha mwulize mvuvi upepo wavumaje. Wakikubaliana hao wawili, lipa hoteli.