Kabla hujatuma pesa ya injini ya bodaboda

Wengi wetu tunaofanya kazi za ndani na za saiti huku Rayners Lane tuna pikipiki nyumbani. Ni Boxer au TVS iliyonunuliwa kwa akiba ya huku, inaendeshwa na mdogo wetu au mpwa, na kila jioni inatakiwa ilete hesabu. Halafu asubuhi moja, unasubiri treni ya Piccadilly, ujumbe unaingia: "Injini imekufa. Tuma leo."

Tunatuma. Mwezi unaofuata tunatuma tena. Si lazima kijana awe mwongo. Mara nyingi tumemkabidhi chombo bila bajeti ya kukitunza. Ila injini haifi ghafla hivyo. Huanza kulalamika mapema, na ukijua cha kuuliza, utaokoa pesa hata ukiwa mbali.

Imekataa kuwaka?
Anzeni na vya bure. Petroli ipo? Koki ya tenki imefunguliwa? Kisha plagi ifunguliwe, upigiwe picha ya ncha yake.

- Kahawia hafifu: mwako uko sawa, tafuteni kwingine.
- Nyeusi, kavu, ina masizi: petroli inazidi hewa. Ea klina isafishwe kwanza, kisha kabureta.
- Imelowa oili: oili inapanda kwenye silinda. Hapo huenda ringi zimechoka.

Inatoa moshi?
Omba video fupi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, haudai pistoni mpya. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Hapo fundi akitaja ringi, ana hoja.

Inanguruma lakini haivuti?
Kebo ya klachi irekebishwe kabla ya kununua pleti. Cheni ikilegea, ikazwe. Ikiwa imekwisha, ibadilishwe pamoja na sproketi zake, maana sproketi zilizolika hula cheni mpya haraka.

Oili ndiyo akiba yenyewe
Pikipiki hizi hubeba takriban lita 1 tu ya oili, na hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi. Bodaboda ikitembea kilomita 100 kwa siku, siku 25 ni kilomita 2,500. Kwa hiyo oili ibadilishwe kila mwezi, na kipimo kiangaliwe kila asubuhi. Oili ikiisha, injini inanoki, na bei ya kuifungua hailingani kabisa na ya chupa moja ya oili.

Tunachoshauri
Tenga pauni 5 kila wiki kwa ajili ya chombo. Kwa mwaka ni pauni 260. Itume mara moja kwa mwezi, kwani kutuma kidogo kidogo kwa dharura kunaliwa na makato. Fundi aandike orodha ya spea na bei. Kijana alipe dukani kwa Lipa Namba kama ni Tanzania, au Lipa na M-Pesa kama ni Kenya, akutumie ujumbe wa malipo na picha ya spea ya zamani iliyotolewa.

Mweleze mapema kwamba huo ni utaratibu wa chombo, humshuku. Naye utamlinda, maana fundi mjanja humtapeli yeye kwanza.

Ukiambiwa "pesa ya injini", uliza mambo matatu: plagi, moshi, oili. Majibu yakikubaliana, tuma bila kinyongo.