Busu na Vyuma vya Meno: Ushauri Usiostahili Kuonewa Haya

Mgonjwa aliyefungwa vyuma vya kunyoosha meno huondoka kliniki akiwa na maelezo mengi. Huambiwa asitafune miwa, asing'ate mahindi ya kuchoma, apige mswaki kila baada ya kula, na arudi baada ya wiki kadhaa ili waya ukazwe. Maelezo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, liko swali moja ambalo aghalabu mgonjwa huona haya kuliuliza na mtaalamu huona haya kulitaja: je, mwenye vyuma kinywani anaweza kumbusu mwenzake bila ya kuumia wala kumuumiza?

Anaweza. Matibabu haya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili, pengine zaidi, na miongoni mwa wanaotibiwa wamo watu wazima wenye ndoa zao. Asiyepewa jibu anaweza kuukwepesha uso wake kwa muda wote huo, na mwenzake, asiyejua sababu, akadhani kwamba amechukiwa. Kimya kilichoanzia kliniki huhamia nyumbani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha uchi hazai.

Yafaa kwanza kuelewa maumivu yanatoka wapi. Vipande vidogo vya chuma au kauri hugandishwa kwa gundi maalumu kwenye uso wa meno, na waya unaoviunganisha huyasukuma meno polepole. Msukumo huo huamsha uvimbe katika nyuzi zinazolishikiza jino kwenye mfupa. Ndiyo maana meno huuma, hasa katika siku chache za mwanzo na kila baada ya waya kukazwa. Maumivu mengine hutoka kwenye ngozi laini ya ndani ya midomo na mashavu, ambayo husuguliwa na vyuma hata ikachubuka. Baada ya wiki chache ngozi hiyo huzoea.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni subira. Katika wiki moja au mbili za mwanzo, busu la shavuni au la kipaji cha uso linatosha. Baadaye wenza waanze kwa midomo iliyofungwa, wakigusana kwa upole. Kinachoumiza ni shinikizo, kwa sababu hubana midomo dhidi ya vyuma. Kuinamisha kichwa upande kidogo huzuia meno kugongana. Wakifikia busu la midomo wazi, ulimi uepushwe na nyaya. Na maneno machache husaidia: mwenza aliyeambiwa kwamba leo waya umekazwa na meno yanauma hana sababu ya kushuku.

Maandalizi nayo ni mepesi. Palipo na ncha inayochoma hufunikwa kwa nta ya meno, ambayo hutolewa kliniki au kuuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa. Michubuko hutulizwa kwa kusukutua maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Mipira midogo inayovutana kati ya meno ya juu na ya chini inaweza kuvuliwa kwa muda, mradi irudishwe baadaye. Muhimu kuliko yote ni usafi, kwani mabaki ya chakula hujificha nyuma ya waya, hunukisha kinywa na kuzifanya fizi zitoke damu. Mswaki wa kawaida usaidiwe na kibrashi chembamba kinachopita chini ya waya.

Wengine huogopa kwamba watu wawili wenye vyuma wakibusiana watanasana. Jambo hilo ni vigumu sana kutokea. Wengine huhofia kwamba vyuma vitabanduka. Lakini gundi yake huelemewa na mfupa, muwa au barafu inayotafunwa, wala si na busu la upole.

Hofu ya maambukizi inahitaji jibu la wazi. Mate hayaambukizi Virusi vya UKIMWI. Hatari ya kuambukizwa kwa busu huhusishwa na damu, pale ambapo wenza wote wawili wana vidonda au fizi zinazotoka damu, nayo ni nadra mno. Virusi vya herpesi, vinavyoleta malengelenge ya midomo, ndivyo vinavyosambaa kwa urahisi kwa njia ya busu. Mwenye malengelenge asubiri mpaka yapone kabisa, na mwenye kidonda kibichi kinywani asubiri kifunge.

Waya ukichomoza, mgonjwa aufunike kwa nta na kurudi kliniki, asiukate mwenyewe. Kidonda kinachozidi wiki mbili, uvimbe wa midomo, au fizi zinazoendelea kutoka damu licha ya usafi, vyote huhitaji kuchunguzwa na daktari wa kinywa na meno.

Kwa mhudumu wa afya, ushauri huu hauchukui dakika mbili. Utolewe faraghani, siku ileile vyuma vinapofungwa, pamoja na maelezo ya chakula na mswaki, bila ya kusubiri mgonjwa aulize. Kijana anayeuliza asikemewe wala asichekwe, kwani akifukuzwa kwa swali hili hatarejea na jingine lililo zito zaidi. Yatosha kusema: "Wiki hizi za mwanzo mdomo utauma, hata katika kubusu. Mweleze mwenzako, nendeni polepole, na ukiona kidonda kisichopona, rudi."