Nyota ya Utosini Masereka

Katikati ya Desemba, saa sita ya usiku, mtu akisimama uwanjani Masereka, mashariki mwa Kongo, na mawingu yakamwachia nafasi, ataona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja utosini pake. Ile inayotangulia upande wa magharibi inaitwa Mintaka, jina la Kiarabu lenye maana ya mshipi. Ikweta inakatiza milima hii kati ya Butembo na Lubero, na njia ya Mintaka hupita karibu kabisa juu ya ikweta. Watu wa Ulaya huiona imeinamia kusini. Sisi tunaipata wima.

Nyota hiyo yatosha kutuonyesha kazi ya mwanaastronomia ni ipi hasa. Mwaka 1904, huko Potsdam, Ujerumani, Johannes Hartmann alikuwa akipima mwendo wake. Mwanga wa nyota ukitawanywa hutoa rangi za upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake. Nyota ikitusogelea, mistari huhamia upande wa urujuani. Ikituacha, huhamia upande wa wekundu. Mintaka huzungukana na mwenzake kwa siku zisizofika 6, kwa hiyo mistari yake ilikuwa ikiyumba, ikienda na kurudi. Mmoja, wa kalsiamu, haukuyumba. Hartmann angeweza kuuhesabu kuwa kosa la kipimo akaendelea na mengine. Aliufuatilia, akahitimisha kwamba hautoki kwenye nyota, bali kwenye gesi iliyo njiani kati yake na sisi. Ndivyo ilivyoanza kujulikana kwamba kati ya nyota na nyota si patupu.

Kazi ya namna hiyo leo inafanywa kwa jirani yetu. Kutoka Masereka hadi Mbarara, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Edward, hazifiki kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, mwaka uleule wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben cha hapa Butembo. Watafiti wa idara yake ya fizikia wamepima joto na elementi za nyota kwa data za darubini ya Mercator, iliyoko kisiwani La Palma, katika Visiwa vya Kanari. Mwanga ulinaswa kisiwani Atlantiki, ukasomwa Mbarara.

Kwa hiyo tusimdhanie mwanaastronomia kuwa mtu wa kukesha kila usiku jichoni mwa darubini. Siku zake nyingi hupita mezani. Huandika maombi ya saa za darubini, akieleza anataka nyota ipi, kwa nini, na kwa muda gani; kamati huchagua wachache. Data zikifika, huwa na uchafu: mwanga wa mwezi, kelele za kifaa chenyewe, alama za chembe zilizotoka angani. Anazisafisha hatua kwa hatua, kisha ndipo anapoanza kuuliza nyota inasema nini.

Katikati ya hayo kuna kengele ya darasa, maana mwanaastronomia wa chuo kikuu ni mwalimu pia. Mara nyingi masomo yake si ya nyota bali ya mwendo, umeme na joto, maana bila hayo mistari ya Mintaka haisomeki. Kuna mitihani ya kusahihisha na tasnifu za kusimamia. Hapo ndipo kazi zake mbili zinapokutana: humkabidhi mwanafunzi mstari mmoja usiotii, akamkataza kuufuta kabla hajauelewa.

Huku kwetu, vita vya Beni na Lubero vimewafunza wengi kuufungia usiku mlango mapema. Silisahau hilo ninapoandika habari za nyota. Lakini kazi hii hufanyika pia mchana, ndani ya nyumba. Orodha ya chombo cha anga cha Ulaya kiitwacho Gaia, iliyotolewa mwaka 2022, ina nyota zipatazo bilioni 1.8, na yeyote anaweza kuifungua bure.

Kijana wa Masereka anayependa hesabu anahitaji umeme, intaneti na mwalimu. Viwili vya kwanza hununuliwa. Mwalimu hulelewa, na malezi yake huchukua miaka. Ndiyo sababu natamani vyuo vyetu vianze sasa, hata kwa somo moja na mwanafunzi mmoja, aketi mbele ya mistari ya Mintaka mpaka auone ule usioyumba.