Pikipiki ya zamani inazima kwenye mlima wa Newala, ikipoa inawaka: usikimbilie kununua CDI

Imetoka Masasi vizuri tu. Honi inalia, taa inawaka, moto umeshika kwa kiki moja. Ikianza kupanda kwenda Newala inakohoa mara mbili, inazima. Unakaa chini ya mkorosho dakika kumi, unapiga kiki, inawaka kama vile haikuwa na shida yoyote. Kesho yake unaipeleka gereji, inaunguruma mbele ya fundi nusu saa nzima bila kukata moto. Fundi anafuta mikono na kusema: "Nunua CDI."

Wenye Honda CG125, Honda XL na Yamaha DT za zamani wanaijua vizuri hadithi hii. Na CDI, kile kiboksi cheusi kinachopeleka umeme kwenye koili ya plagi, kweli huharibika, tena wakati mwingine huharibika kwa joto tu na kupona kikipoa. Ila kwenye pikipiki yenye miaka 30 au 40 kiko nyuma kabisa ya foleni ya watuhumiwa. Mbele yake kuna nyaya zilizochoka, soketi zenye kutu, swichi zilizojaa vumbi jekundu la huku kwetu, na bolti zilizopakwa rangi.

Shida ya kuja na kwenda haipatikani kwa kubadilisha vifaa. Ukibadilisha kifaa leo ikawaka, huwezi kujua kama umeitibu au ilikuwa ipo kwenye zamu yake ya kuwaka. Inapatikana kwa kuikamata ikiwa imezima, palepale barabarani, kabla haijapoa.

Kwanza jiulize kama ni umeme kweli. Tundu dogo la hewa kwenye mfuniko wa tangi likizibwa na vumbi, petroli inashindwa kushuka na pikipiki inazima baada ya mwendo fulani, halafu ukikaa hewa inapenya polepole na inawaka tena. Dalili zinafanana mno na za koili iliyochoka. Kwa hiyo ikizima tu, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikivutwa ndani, na ukipiga kiki inawaka, basi CDI yako haina kosa.

Kama siyo hivyo, toa plagi ya akiba mfukoni (CG125 hutumia D8EA), ivalishe kofia ya plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, halafu piga kiki. Tafuta kivuli, maana juani cheche haionekani. Kuna cheche nzuri ya bluu? Angalia mafuta. Hakuna, au ni nyekundu dhaifu? Sasa tuongee umeme.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: pikipiki nyingi ndogo za zamani zina umeme wa aina mbili. Moto wa plagi unatoka moja kwa moja kwenye koili iliyo ndani ya magneto, na hauhitaji betri. Indiketa na honi zinategemea betri. CG125 za mwanzo, zilizotoka miaka ya 70, zilikuwa za volti 6 na zilitumia platini, yaani vile vikontakti vinavyofungua na kufunga kuwasha cheche. Baadaye zikaja za volti 12 zenye CDI. Injini za pikipiki nyingi za Kichina unazoziona stendi zimenakiliwa kutoka ukoo huohuo, kwa hiyo haya hayawahusu wenye pikipiki za kale peke yao.

Kwa hiyo ikizima, bonyeza honi. Ikilia kama kawaida, upande wa betri ni mzima, na kwenye pikipiki ya magneto kununua betri mpya hakutasaidia lolote. Honi na moto vikifa pamoja, tafuta kitu kinachoviunganisha: swichi ya ufunguo au waya wa ethi.

Swichi ya ufunguo ndiyo inayowachanganya watu. Kwenye mfumo wa magneto, ukizima ufunguo hukati umeme wa moto. Unaunganisha waya wa kuzimia na fremu, umeme unakimbilia kwenye chuma, cheche inakosa nguvu. Kwenye Honda waya huo kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe. Sasa fikiria waya huo umechubuka chini ya tangi, na kila ukipita kwenye mashimo unagusa fremu. Ni sawa na mtu anayekuzimia ufunguo bila wewe kujua. Swichi iliyoingia maji ya mvua za masika hufanya vilevile.

Kuipima hakuhitaji hela. Chomoa waya ule kwenye soketi yake, funika ncha kwa tepu ya umeme, endesha njia ileile. Ikiacha kuzima, mwizi ni swichi au waya, siyo CDI. Kumbuka tu kwamba ufunguo hautaizima tena. Fanya mazoezi ukiwa umesimama: shika breki, weka gia ya juu, achia klachi taratibu hadi injini izime. Usiifanyie majaribio stendi katikati ya watu.

Ethi nayo ina kisa chake. Pikipiki ya zamani ikipata pesa za korosho, kitu cha kwanza ni rangi mpya. Fundi rangi anapuliza fremu nzima, anarudisha bolti ya waya wa ethi juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Siku hiyo inawaka kwa sababu nyuzi za bolti zinagusa chuma kidogo. Miezi miwili baadaye mtikisiko umelegeza, taa zinacheza disko, indiketa inawaka pamoja na taa ya nyuma. Kwenye Honda tafuta waya za kijani. Fungua bolti, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu yake kuzuia kutu. Kazi ya dakika tano, na kwa maoni yangu ingefanywa kwenye kila pikipiki ya zamani hata kama haijalalamika.

Mwenye mita ya umeme athibitishe hivi: washa vitu vinavyotumia betri, kanyaga breki taa ya nyuma iwake, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Isome karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unapotelea njiani.

Halafu shingo ya usukani. Nyaya zote za mbele zinapita pale na zinakunjwa kila ukikata kona. Shaba inakatika ndani wakati plastiki ya nje iko salama kabisa. Injini ikiwa inaunguruma, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Ikisita au taa ikipepesa, umefika. Vuta waya mmoja mmoja taratibu: uliokatika ndani unavutika kama mpira. Usiusokote na kufunga tepu tu, kwa sababu kiungo cha namna hiyo ndiyo shida ya mwaka ujao. Ulehemu kwa risasi, au weka waya mpya.

Taa ikizima ghafla usiku kwenye kona za mteremko wa kurudi Masasi, hapo siyo suala la hela tena. Balbu zikiungua mara kwa mara, pima betri injini ikiwa kwenye mwendo wa wastani. Ya volti 12 inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikizidi 15, regyuleta imechoka au ethi yake imelegea.

Ukishayamaliza hayo na bado inakufa ikipata moto, basi mtuhumiwa ni koili ndani ya magneto au, kwa zenye platini, kondensa yake. Pima koili ikiwa baridi, andika namba. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni, pima tena. Namba ikipanda kidogo ni tabia ya shaba. Ikiruka au ikipotea kabisa, waya umekatika ndani na joto linauachanisha. Koili hiyo fundi wa kuwaindi mota anaweza kuisuka upya, na kwa pikipiki ambayo vipuri vyake havipo tena dukani, hiyo ndiyo njia.

CDI ibaki ya mwisho. Azima ya pikipiki ya aina yako hasa, siyo inayofanana soketi tu, kwa sababu mpangilio wa nyaya unaweza kuwa tofauti na ukaiunguza. Panda nayo mlima uleule, jua lilelile la saa nane. Ikifika Newala bila kukohoa, sasa nunua.